John Bunyan: Fundi wa Masufuria Aliyepigana na Mawazo Yake



Hapa kambini kuna ugonjwa ambao sote tunaujua kwa jina moja: mawazo. Ukiuliza kwa nini mama fulani amekonda, majirani watakujibu kwamba ana mawazo. Ukiuliza kwa nini mzee fulani hatoki nyumbani kwake, jibu ni lile lile. Mchana tuna shughuli: kuchota maji, kutafuta kuni, kupanga mstari siku ya posho. Lakini usiku, watoto wakiisha kulala, mawazo huingia bila kupiga hodi. Tunawakumbuka waliobaki nyuma. Tunajiuliza kama tulifanya vema kukimbia. Wengine wetu husikia moyoni maneno mabaya juu ya Mungu, kisha huogopa kwamba wamekwisha kupotea, na hawathubutu kumwambia mtu.

Mtume Paulo katika 2 Wakorintho 10:5 anafundisha kwamba hata fikira zaweza kukamatwa kama mateka na kuwekwa chini ya amri ya Kristo. Je, jambo hilo hufanyikaje kwa mtu wa kawaida, mwenye njaa na mwenye watoto? Katika toleo hili tunawaletea maisha ya John Bunyan wa Uingereza. Wengi wanamjua kwa kitabu chake cha msafiri aendaye mji wa mbinguni. Wachache wanajua kwamba kabla ya kuwafundisha wengine, mtu huyu aliteswa na mawazo yake mwenyewe kwa miaka mingi.

UTOTO NA VITA

John Bunyan alizaliwa mwaka 1628 katika kijiji cha Elstow, karibu na mji wa Bedford. Baba yake alikuwa fundi wa kuziba masufuria na vyombo vya bati, akizunguka vijijini kutafuta kazi. Hawakuwa na mali, lakini walimpeleka mtoto shuleni kidogo, akajua kusoma na kuandika.

Mwaka 1644, John akiwa na miaka 15, mama yake alifariki mwezi wa sita. Mwezi uliofuata akafa dada yake Margaret. Kabla msiba haujapoa baba yake akaoa mke mwingine. Wakati huo Uingereza ilikuwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya Mfalme Charles wa Kwanza na Bunge, na mwaka huo huo kijana huyo akaingizwa katika jeshi la Bunge, akawekwa katika mji wa Newport Pagnell. Vijana wetu waliobebeshwa bunduki wakiwa bado watoto watamwelewa.

Siku moja alipangwa kwenda mahali pa mapigano. Mwenzake mmoja akaomba aende badala yake. Huyo mwenzake, akiwa zamu ya ulinzi, alipigwa risasi ya kichwa akafa. Bunyan alilikumbuka jambo hilo hata miaka mingi baadaye. Kwa nini yule afe, na yeye abaki? Swali hilo ni swali letu pia.

Mwaka 1647 aliachiliwa jeshini, akarudi kijijini, akashika kazi ya baba yake. Yapata mwaka 1649 alioa mke maskini kama yeye. Walianza ndoa bila hata sahani na kijiko. Mke alileta vitabu viwili tu vya dini alivyoachiwa na baba yake, wakawa wanavisoma pamoja. Mwaka 1650 walimpata mtoto wa kwanza, Mary, ambaye alikuwa kipofu.

MAWAZO YALIPOMVAMIA

Bunyan alianza kwenda kanisani na kuacha matusi, ambayo alikuwa bingwa wake. Watu wakamsifu. Lakini ndani hakuwa na amani. Alipenda sana kupiga kengele za kanisa, kisha akaona kwamba ni anasa, akaacha. Hata hivyo alikwenda kuwatazama wengine wakipiga. Likamjia wazo: je, kengele ikimwangukia? Akasimama chini ya boriti. Wazo likaongezeka: je, ikigonga ukuta na kumrudia? Akasogea mlangoni. Mwisho akaogopa kwamba mnara wote utaanguka, akakimbia. Ndivyo mawazo ya hofu yafanyavyo kazi. Ukiyapa nafasi moja, yanaomba ya pili.

Siku moja, akiwa kazini Bedford, aliwakuta wanawake watatu au wanne maskini wameketi mlangoni wakiota jua, wakizungumza juu ya kazi ya Mungu mioyoni mwao na juu ya ahadi zilizowafariji wakati wa majaribu. Waliongea kwa furaha kama watu waliopata hazina. Bunyan alijiona kwamba dini yake ilikuwa ya nje tu. Akarudi kwao mara kwa mara, nao wakampeleka kwa mchungaji wao, John Gifford, mtu ambaye naye zamani alikuwa askari wa upande wa mfalme. Tazameni kazi ya Mungu: watu wa majeshi mawili yaliyouana, wameketi nyumba moja wakisoma Biblia.

Lakini kuokoka hakukufunga mlango wa mawazo. Karibu mwaka mzima aliletewa akilini matusi juu ya Mungu na Kristo, hata akasikia kama ulimi wake unataka kuyatamka. Wakati mwingine aliweka mkono chini ya kidevu ili kinywa kisifunguke. Aliwaonea wivu mbwa na chura, kwa sababu wao hawana roho ya kupotea. Aliposikia wengine wakiomba, alidhani ni yeye peke yake duniani mwenye moyo mchafu hivyo.

Katika hali hiyo alipata kitabu cha zamani, kimechakaa kinataka kuanguka vipande. Kilikuwa maelezo ya Martin Luther juu ya Waraka kwa Wagalatia. Alishangaa kuona mtu aliyekufa zaidi ya miaka 100 nyuma ameandika habari za moyo wake kana kwamba alikuwa ndani yake. Kujua kwamba si wa kwanza kupita njia hiyo kulimpa nguvu.

Kisha likaja jaribu zito zaidi. Kwa muda wa mwaka hivi, wazo moja lilimfuata mchana na usiku, kwamba amwuze Kristo kama Yuda alivyofanya. Akila chakula, akiokota kitu, akikata kijiti, wazo lilikuwa pale. Alijibu kwa nguvu kwamba hatamwuza, hata akawa anasukuma hewa kwa mikono na viwiko kama mtu anayemfukuza adui. Aliacha chakula mezani ili aende kuomba. Hatimaye asubuhi moja, akiwa kitandani na amechoka kabisa, wazo lilipita moyoni mwake kwamba basi, Kristo na aende kama akitaka. Bunyan akajihukumu kwamba amekwisha. Kwa zaidi ya miaka miwili aliishi akijiona kama Esau wa Waebrania 12, aliyeuza haki yake na asipate nafasi tena.

Alimwendea Mkristo mmoja mzee kueleza hofu yake, kwamba labda ametenda dhambi isiyosameheka. Yule mzee akasema naye anadhani hivyo. Wapendwa wazee na mashemasi, tulipime jambo hili. Mtu aliyezama alikuja akinyosha mkono, akasukumwa chini. Anapokuja kwetu mtu mwenye mawazo, tusiwe na haraka ya kutoa hukumu.

ALIPOPATA NAFASI YA KUPUMUA

Amani haikuja kwa siku moja. Ilikuja, ikaondoka, ikarudi. Mara moja akiwa katika mkutano wa waumini, lile neno ambalo Bwana alimwambia Paulo kuhusu mwiba wake, katika 2 Wakorintho 12:9, liliingia moyoni mwake kwa nguvu. Alianza kuchukua maneno ya Biblia yaliyomtisha na kuyaweka karibu na maneno ya ahadi, akiyatazama kwa utulivu badala ya kukimbia. Akaona kwamba Esau na Yuda hawakuwa na hali moja na yeye.

Kisha siku moja, akitembea shambani na moyo bado una wasiwasi, alielewa kwamba haki yake iko mbinguni. Haki hiyo ni Yesu Kristo mwenyewe, aliyeketi mkono wa kuume wa Mungu. Akiamka na moyo mwema, haki hiyo haiongezeki. Akiamka na moyo mbaya, haipungui, kwa maana Kristo ni yeye yule jana na leo na hata milele. Minyororo yake ikalegea. Tangu hapo alipima hali yake kwa Kristo, si kwa wazo lililopita akilini asubuhi hiyo.

Bunyan alijiunga na kanisa la Bedford, akahamia mji huo mwaka 1655, akaanza kuhubiri. Mwaka 1658 mke wake alifariki akimwachia watoto wanne wadogo. Mwaka uliofuata alimwoa Elizabeth, mwanamke kijana mwenye moyo wa ushujaa.

MIAKA 12 GEREZANI

Mwaka 1660 ufalme ulirudi Uingereza, na serikali ikaanza kuwabana waliokusanyika kuabudu nje ya kanisa la dola. Tarehe 12 Novemba 1660 Bunyan alikamatwa katika kijiji cha Lower Samsell alipotaka kuanza ibada. Aliambiwa kwamba akiahidi kuacha kuhubiri ataachiliwa. Akakataa. Alikaa katika gereza la Bedford miaka 12, mpaka mwaka 1672.

Elizabeth alikuwa mja mzito. Kwa mshtuko wa habari hizo uchungu ulimshika kabla ya wakati, na mtoto akafa. Hata hivyo alisafiri mpaka London kupeleka ombi, na mwaka 1661 alisimama mbele ya mahakimu pale Bedford akawaeleza kwamba ana watoto wanne wa kambo wa kulea, mmoja kipofu, na kwamba wanaishi kwa sadaka za watu wema. Hakimu mmoja, Matthew Hale, alimhurumia, lakini mume hakuachiliwa.

Gerezani mawazo yalirudi kwa sura nyingine. Kwanza ni watoto. Kumfikiria Mary kulimvunja moyo vipande vipande. Aliwaza atakavyopigwa na baridi, atakavyoona njaa, atakavyoombaomba. Akajiona kama mtu anayewabomolea nyumba mke na watoto wake mwenyewe. Hapo alishika Yeremia 49:11, ambapo Mungu anasema juu ya yatima na wajane kwamba yeye mwenyewe atawatunza. Akawakabidhi.

La pili ni kufukuzwa nchini, kwa maana adhabu hiyo alitishiwa. Alijiona akilini katika nchi ya ugenini, bila chakula, bila nguo, bila wa kumjali, mwisho akifa mtaroni kama kondoo aliyepotea. Wapendwa, kile alichokiogopa ndicho kilichotupata sisi. Nasi ni mashahidi kwamba Mungu alikuwako ng'ambo ya mpaka kabla hatujafika.

La tatu ni kitanzi. Alidhani huenda akanyongwa, akaogopa kwamba atapanda ngazi akitetemeka na kuliaibisha jina la Bwana. Aliomba faraja, asiipate. Mwisho akaamua kwamba atamfuata Kristo hata kama hasikii faraja yoyote moyoni. Na tangu alipoamua hivyo, faraja ikaja.

Wala hakukaa bure. Alisokota kamba za kufungia nguo na viatu, zenye ncha za chuma, maelfu kwa maelfu, ili familia iuze ipate chakula. Aliwafundisha wafungwa wenzake. Alikuwa na Biblia na kitabu cha habari za mashahidi wa imani, akaandika. Mwaka 1666 alitoa kitabu cha maisha yake, ambamo alieleza bila kuficha mawazo yote tuliyoyasimulia hapa. Mchungaji mwingine angeona aibu. Yeye aliandika ili kondoo wake wajue hawako peke yao.

ALIYOTUACHIA

Mwaka 1678 kilitoka kile kitabu cha msafiri. Kimetafsiriwa katika lugha zaidi ya 200. Wakristo wa Madagaska, walipoteswa na Malkia Ranavalona wa Kwanza kuanzia mwaka 1835, walikinakili kwa mkono na kupeana kwa siri.

Ndani yake mna mambo mawili yanayotuhusu. Msafiri anapopita bonde la uvuli wa mauti, mmoja wa waovu anamnyemelea kwa nyuma na kumnong'oneza matusi juu ya Mungu. Maskini msafiri anadhani matusi hayo yametoka moyoni mwake mwenyewe, na hilo linamsumbua kuliko yote. Baadaye yeye na mwenzake Tumaini wanafungwa katika ngome ya jitu liitwalo Kukata Tamaa. Jitu linawashauri wajiue. Msafiri anakaribia kukubali, lakini Tumaini anamzuia na kumkumbusha jinsi Mungu alivyokwisha kuwavusha. Usiku wa manane wanaanza kuomba, na karibu na mapambazuko msafiri anakumbuka kwamba kifuani mwake, siku zote hizo, alikuwa na ufunguo uitwao Ahadi.

Mwaka 1682 aliandika kitabu kingine, kuhusu mji uitwao Nafsi ya Mwanadamu. Mji huo una milango mitano, kama vile wa sikio na wa jicho, na hakuna adui awezaye kuufungua mlango hata mmoja kwa nguvu, isipokuwa wenyeji wa ndani wamekubali.

Na mwaka 1684 aliwaandikia Wakristo wanaoteswa. Wengine waliuliza kama ni dhambi kukimbia. Yeye aliyekuwa amekataa kukimbia angeweza kujisifu na kuwalaumu wengine. Badala yake alifundisha kwamba mtu anaweza kukimbia na mtu anaweza kusimama, kadiri Mungu anavyomwongoza. Musa alikimbia wakati mmoja na wakati mwingine akasimama. Daudi vile vile, Yeremia vile vile, Paulo vile vile. Ndugu unayejilaumu usiku kwa sababu ulikimbia na watoto wako, weka mzigo huo chini.

Mwezi wa nane mwaka 1688 Bunyan alipanda farasi mpaka mji wa Reading kumpatanisha baba na mwanawe waliokosana. Alifaulu. Akirudi kwa njia ya London alinyeshewa mvua kubwa, akashikwa na homa, akafariki tarehe 31 Agosti katika nyumba ya rafiki yake. Alizikwa Bunhill Fields, London.

TUNAJIFUNZA NINI?

1. Wazo baya linalopita si dhambi yako mpaka umelifungulia mlango na kulipa kiti. Ukilichukia na kumlilia Mungu, hiyo ni dalili kwamba moyo wako bado ni wake.

2. Usikae na mawazo peke yako. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humwumbua. Bunyan alisaidiwa na wanawake mlangoni, na mchungaji, na kitabu kilichochakaa. Tafuta Tumaini wako.

3. Kila wazo lina neno lake. Kwa hofu ya watoto alishika neno moja, kwa hatia akashika jingine. Jifunze kwa moyo ahadi chache, maana usiku hakuna taa ya kusomea.

4. Mikono isikae bure. Bustani ndogo, ukili wa kusuka, kumfundisha mtoto wa jirani kusoma, ni msaada kwa akili pia.

5. Usipime wokovu wako kwa jinsi unavyojisikia leo. Mtazame Kristo, ambaye habadiliki.

Tunaongeza neno moja. Wapo wanaosikia mawazo ya kujidhuru, au wasiolala wiki nzima, au wanaoyaona tena mambo ya vita kana kwamba yanatokea sasa. Ndugu hao wasiambiwe kwamba hawana imani. Tuwaombee, tusiwaache peke yao, na tuwasindikize zahanati siku hiyo hiyo. Dawa na ushauri wa waganga navyo ni mkono wa Mungu.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA VIKUNDI

1. Soma 2 Wakorintho 10:3-5 na Wafilipi 4:6-8. Paulo anatutaka tufanye nini na mawazo yetu?

2. Yule Mkristo mzee alikosea wapi? Sisi tungemjibuje Bunyan?

3. Ni mlango gani wa moyo wako unaohitaji mlinzi zaidi: sikio, jicho au kinywa?

4. Ni nani katika mtaa wenu hajaonekana siku hizi? Nani atamtembelea juma hili?

Mungu wa amani ailinde mioyo yenu na nia zenu katika Kristo Yesu. Amina.